Ua la Bamia Lina Petali Tano

Ua la kwanza lilikuwa na petali nne, na mtoto wa darasa la tatu akalikataa. Mkono wa kushoto alishika ua la kweli la bamia, alilolichuma nyuma ya bafu kwenye udongo unaolowa maji ya kuogea. Mkono wa kulia alishika la karatasi. Akahesabu kwa sauti, kidole gumba kikitembea. La kweli tano, la karatasi nne.

"Bibi, hili siyo bamia."

"Ni nini sasa?" mama yangu mdogo akamuuliza, macho yakiwa bado kwenye sufuria yake ya gundi.

"Pangaboi."

Sisi watu wazima tulicheka. Yeye hakucheka, maana hakuwa ametania. Aliliweka lile ua pembeni ya mkeka, akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye rundo, akamsogelea bibi yake. Ndipo nilipogundua kwamba jioni ile haikuwa ya kuwashughulisha watoto ili wasipige kelele.

Nilikuwa Nachingwea likizo ya Juni. Mama mdogo wangu alifundisha darasa la awali miaka mingi, na tangu astaafu uwanja wake haujakosa watoto: wajukuu, watoto wa jirani, na mmoja au wawili ambao hakuna anayejua wametoka nyumba ipi. Asubuhi wanatumwa, mchana wanakula, na jua likilegea mkeka unatandikwa chini ya mwembe. Zinaletwa daftari zilizojaa, mifuko ya kaki iliyobebea sukari, trei ya mayai iliyokwisha mayai, njiti kadhaa zilizochomolewa kwenye fagio la chelewa, uzi, na mkasi. Mkasi ni mmoja. Nilipotaka kununua wa pili alinikataza. "Mikasi miwili ni ugomvi, baba. Mmoja ni foleni." Wembe haukanyagi mkeka ule kabisa, hata kwa kuchongea penseli.

Kosa la petali nne halikuwa uzembe wa mtoto. Ni ukaidi wa karatasi. Ikunje nusu, ikunje tena nusu, kata ncha kwa mviringo, kunjua: nne. Ongeza mkunjo mmoja, utapata nane. Karatasi inajua mbili na wajukuu wa mbili. Tano haimo katika ukoo wake. Na maua ya huku kusini, ukiyachungulia, mengi ni ya tano: bamia, pamba, choya, mbuyu unaochanua usiku, hata kile kiua kidogo cha mkorosho ambacho watu wanakipita kila siku bila kukiangalia kwa kuwa mawazo yao yako kwenye bei ya korosho. Anayetaka kutengeneza ua la kwao ni lazima kwanza aibembeleze karatasi ikubali tano.

Mama mdogo ana namna yake, na ilibidi anionyeshe mara nne ndipo nikaishika. Anachukua karatasi ya mraba, anaikunja nusu, anaiweka mkunjo ukiwa upande wa tumbo lake. Katikati ya mkunjo anatia alama kwa ukucha. Kuanzia kwenye alama hiyo anauinua upande wa kulia na kuuleta kushoto, ila haufikishi mwisho: anaacha pembe wazi upande wa kushoto, na ile iliyoachwa wazi iwe nusu ya ile iliyokunjwa. Hapo ndipo penye kazi. Hakuna rula, hakuna kipimapembe, ni jicho tu. Watoto anawaambia, "Pale palipobaki pakae mtu mmoja, hapa pakae wawili." Kisha ule upande wa kushoto anaulaza juu ya mwenzake, unafunika nusu yake. Mwisho anakunja vyote kufuata ukingo wa ule alioulaza, na mkononi inabaki kabari nyembamba ya tabaka 10, kama kipande cha chapati iliyogawiwa watu wengi. Anakata mara moja, mkasi ukianzia juu ukingo mmoja na kuteremka kwa kupinda hadi ukingo wa pili. Ncha haiguswi.

Anamkabidhi mtoto akunjue mwenyewe. Nimeona uso wa yule wa darasa la tatu alipofungua mkunjo wa mwisho. Alihesabu, akahesabu tena, akalifuata la kweli alipoliweka, akayalaza yote mawili kwenye paja. Hakusema lolote. Akachukua karatasi nyingine.

Kuna wengine walikunja vibaya wakapata petali tano, moja nene na nne nyembamba. Mama mdogo hakuzirekebisha. Aliyageuza yale maua huku na huku kama mtu anayenunua nyanya, akauliza kila mmoja, "Wewe unalionaje?" Mtoto akisema zuri, linapita. Akisema baya, anapewa karatasi. Katika siku nne nilizokaa pale sikumwona hata mara moja akishika mkono wa mtoto kuuongoza. Mimi nilitamani kuingilia zaidi ya mara kumi.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika ni rangi. Ua la bamia, kama umewahi kulitazama asubuhi kabla halijasinyaa, ni la njano laini, na ndani kabisa lina doa la rangi ya damu ya mzee. Njano ni rahisi: kijiko kimoja cha manjano ya jikoni kwenye kikombe cha maji ya moto, yakapoa, yakachujwa kwa kitambaa. Ua la karatasi ya daftari linachovywa na kutolewa haraka kabla halijalegea, linaning'inizwa kivulini kwa kibanio cha nguo. Nikadhani doa la katikati litatoka kwenye kalamu nyekundu. Mama mdogo akaagiza magadi.

Ni magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Akayeyusha punje mbili tatu kwenye kifuniko cha chupa, akachovya ncha ya njiti ya chelewa, akagusa katikati ya lile ua la njano lililokauka. Palepale pakawa pekundu, wekundu wa kahawia, ukatambaa kidogo kufuata nyuzi za karatasi na kusimama. Watoto walirudi nyuma kama waliomwona nyoka, kisha wote wakaja juu ya ua kwa pamoja hadi nikadhani kifuniko kitamwagika. Akawapa njiti, kila mmoja na yake. Halafu akakata ndimu. Tone moja la ndimu juu ya doa, na wekundu ukafutika, njano ikarudi. Magadi tena, nyekundu. Ndimu tena, njano. Ua moja lilichovywachovywa hadi likatoboka.

Elimu yenyewe ipo katika kila beseni la kufulia. Aliyewahi kudondokewa mchuzi wa manjano kwenye shati jeupe, akalisugua kwa sabuni ya mche, amewahi kuona doa likigeuka jekundu na kudhani ameliharibu zaidi. Sabuni, magadi, chokaa na maji ya majivu vinaigeuza manjano kuwa nyekundu. Ndimu na siki vinairudisha. Mama mdogo alijua hayo kabla ya kuyasikia darasani kwa yeyote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifua. Alichofanya yeye ni kukumbuka kwamba ua la bamia lina rangi hizo hizo mbili. Sijui ni watu wangapi wangeliunganisha doa la shati na ua la nyuma ya bafu.

Kuhusu karatasi zenyewe anazungumza kama mfugaji anavyozungumza juu ya mbuzi wake. Ya daftari ni sikivu lakini dhaifu ikilowa. Ya kalenda ya ukutani inang'aa na kuringa, haishiki gundi. Gazeti linapaka wino vidoleni, hivyo ni la kufanyia majaribio, na lililofungiwa vitumbua lina mafuta, linaishia jikoni. Mfuko wa kaki ni mzuri kwa maua makubwa, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 umekuwa rahisi kupatikana madukani. Mfuko wa saruji una karatasi imara kabisa za tabaka, ila unakung'utwa na mtu mzima, nje, mbali na watoto, na tabaka la ndani halitumiki. Mfuko wa salfa ya mikorosho hauingii uwanjani hata ukioshwa mara saba. Juni ndio mwezi ambao salfa inaanza kuzunguka vijijini kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na mifuko yake inatupwa ovyo, kwa hiyo hilo analirudia kila siku.

Majalada ya nyuma ya daftari, yale yenye jedwali la kuzidisha, ni mazito kidogo na yanafaa kwa vikombe vya kushikia petali. Kuna kitoto cha darasa la awali kilichogoma kupokea ua lolote isipokuwa lile lenye 7 × 8 = 56 kwenye kikonyo. Nilikiuliza sababu. "Hili linajua," kikaniambia.

Kisha kuna mwelekeo. Chukua gazeti ulichane kutoka juu kwenda chini: linachanika moja kwa moja kama kitambaa. Lichane kwa upana: linakwenda kombo, linakata kona, linakushinda. Nyuzi za karatasi zimelala kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza, na karatasi hujiviringa kirahisi upande mmoja kuliko mwingine. Ukitaka ncha ya petali ijipinde nyuma kwa ulegevu kama ya ua la kweli, nyuzi ziwe zimekingama, siyo zimesimama. Unaipitisha petali juu ya penseli, kidole gumba kikiikandamiza taratibu, na inapinda bila kuvunjika. Kwa petali zinazokatwa mojamoja hilo ni jepesi. Kwa ua la mkato mmoja, petali tano zinatazama pande tano, na daima kuna moja au mbili zinazokaidi. Hizo mama mdogo anaziweka karibu na mdomo na kuzipulizia pumzi ya moto, kama mtu anayesafisha miwani, halafu ndipo anazipitisha kwenye penseli. Unyevu wa pumzi unatosha. Watoto walilipenda hilo kupita kiasi. Kwa muda mkeka mzima ulikuwa unahema.

Gundi yao ni unga wa muhogo. Kijiko kimoja kikubwa kinakorogwa kwanza kwa maji ya baridi hadi madonge yaishe, ndipo inaongezwa robo kikombe ya maji na kubandikwa kwenye moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kupumzika, hadi uji mweupe ugeuke kuwa na uwazi na kuanza kuvuta. Ikipoa inapakwa kwa kidole, kidogo. Wanaopaka nyingi wanajulikana kesho yake kwa msafara wa sisimizi.

Nachingwea, nikiruhusiwa kutoka nje ya mkeka kidogo, ni mji uliokuzwa na karatasi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga Tanganyika, na pamoja na Kongwa na Urambo wakaichagua Nachingwea. Kwenye makaratasi ya London mashamba yalikuwa tayari yamezaa. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaletwa hadi Nachingwea, mpango ukaachwa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hayo nayaita maua ya karatasi ya kwanza ya wilaya hii, na walioyatengeneza hawakuhesabu petali wala kuuliza mvua.

Jioni moja nilimsimulia mama mdogo habari za Mary Delany. Alikuwa mjane wa Uingereza, na mwaka 1772, akiwa na miaka 72, alianza kukata karatasi za rangi na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi kuwa maua. Aliliweka ua la kweli mbele yake, akahesabu petali na stameni, akazipaka karatasi rangi mwenyewe pale alipokosa rangi aitakayo. Alitengeneza karibu maua 1,000 katika miaka kumi hivi, hadi macho yalipomshinda, na leo yamehifadhiwa British Museum huko London. Mama mdogo alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza swali moja.

"Alikuwa na wajukuu?"

Nikamwambia hakujaliwa watoto.

"Ndiyo maana alifika elfu."

Siku ya tano nilipanda gari la abiria kwenda Ruangwa kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye kupamba kumbi ndiyo riziki yake. Juni fedha za ufuta zikianza kuingia mikononi mwa watu, harusi na ngoma nazo zinafuatana, na yeye halali. Kwake ua lina bei na lina siku ya mwisho. Nilimkuta amezungukwa na karatasi za chooni, maana hazipatikani nyingine laini za bei ile, pamoja na wanawe wawili wa likizo na rafiki zao.

Mtindo wake ni mwingine na una haki yake. Karatasi nane zinalazwa pamoja, zinakunjwa mbele na nyuma kama ukili wa kipepeo, uzi unafungwa katikati, ncha zinakatwa kwa mviringo. Hapo mkononi unashika kitu kama tai ya shingoni. Kazi ya watoto inaanza hapo: kuinua tabaka mojamoja kuelekea katikati bila kuchana. Dada aligundua zamani kwamba vidole vya watoto ndivyo vinavyofaa, ila viwe vikavu, hivyo hakuna anayekula embe wala muwa wakati wa kazi. Binti wa miaka minane alifungua ua mbele yangu kwa pumzi kama sita, tabaka baada ya tabaka, na ile tai ikawa mpira wa povu. Nilipojaribu mimi nililichana tabaka la tatu. "Mjomba anavuta," akasema kwa huruma. "Haivutwi, inainuliwa."

Dada mwenyewe alikuwa upande wa waridi. Anakata duara kwenye mfuko wa kaki, analikata kwa ndani mzunguko juu ya mzunguko kama nyumba ya konokono, halafu anaanza kuliviringisha kutoka mkia wa nje kuja ndani. Akifika kwenye kitovu kilichobaki, anaachia. Lile fundo linajifungua lenyewe, linalegea hadi kufika mahali fulani, na hapohapo analikamata na kulibandika kwenye kitovu. Likilegea kidogo mno ni chipukizi, likipita ni fagio. Alitengeneza 11 wakati chai yangu inapoa. Nilimweleza habari za petali tano akatabasamu. "Mama mdogo ana likizo nzima, kaka. Mimi nina ukumbi Jumamosi."

Nakiri waridi zake ni nzuri, na ukumbini usiku, chini ya taa, hakuna atakayeuliza zimetoka kwenye mfuko wa sukari. Ila waridi lipo kila mahali. Lipo kwenye vitambaa vya mezani, kwenye thermos, kwenye vikombe, kwenye maua ya plastiki juu ya kabati la televisheni, na sijaona ua jingine lililopewa heshima kiasi hicho na watu wasiolipanda. Ndiyo maana nilifurahi wanawe waliponiuliza bibi huko Nachingwea anatengeneza maua gani, na nilipowajibu, wakataka kutengeneza la ufuta.

Ufuta ulikuwa umeshavunwa. Shambani yalibaki matita makavu, ua hakuna hata moja la kuigia. Ikabidi walitengeneze kwa kukumbuka, na kukumbuka kukaleta ubishi. Kwamba ni kengele walikubaliana: kipande cha karatasi kikaviringishwa kuwa faneli, mdomo ukachanwa sehemu tano. Lakini je, linasimama au linainama? Kaka mtu akalisimamisha kwenye njiti. Dada mtu akalitoa.

"Linainama. Nyuki anaingia kwa chini."

"Umeona wapi?"

"Nilikuwa nalinda ndege. Wewe ulikuwa unacheza mpira."

Kisha akachukua penseli, akauvuta mdomo wa chini wa ile kengele ujipinde na kutokeza zaidi ya mingine, maana kwenye ua la ufuta mdomo wa chini ndio mrefu. Hakuna aliyemfundisha. Moyo wa penseli aliyoitumia ni kinywe, madini ambayo Ruangwa inayo kwa wingi chini ya ardhi na ambayo sasa yanawaleta wageni wa kuchimba. Kwake yeye ilikuwa ni kitu cha mviringo cha kupindia karatasi. Akalifunga ua kwenye njiti kwa utepe wa khanga kuukuu, likiwa limeinama, na kaka yake akaenda kutengeneza la pili.

Dar es Salaam nilirudi na maua mawili kwenye boksi la viatu: la bamia na la ufuta. La ufuta liko vilevile. La bamia nililiweka dirishani, na kufika Septemba njano yake ilikuwa imepauka karibu yote, maana manjano haiwezi jua. Nikampigia mama mdogo simu kumlalamikia.

"La kweli linakaa siku moja," akanijibu. "Lako limekaa miezi mitatu. Unataka nini tena, mwanangu?"

Nitarudi likizo ya Desemba. Mwenye trei za mayai za karatasi nyumbani asizitupe, anihifadhie, na daftari zilizojaa vilevile. Mkasi tunao.